Kazi ya kiwanda kidogo cha waini Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia nanasi linaposhuka kwenye gari mpaka chupa inapokaa kaunta

Watu wakisikia unafanya kazi kwenye waini hapa Mwanza kitu cha kwanza wanaomba ni resipe, na resipe wala haina siri, nitaiweka yote humu. Kinachoangusha viwanda vyetu vidogo vya Nyakato, Buhongwa, Kisesa na kwingineko ni uchafu usioonekana kwa macho pamoja na haraka. Jaba limeoshwa juu juu, waini imetiwa kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha, mteja kafungua imemrukia kifuani au imeshageuka siki, basi hapo jina limekwenda na mtaa mzima unajua. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya anayeenda kuajiriwa kwenye kiwanda kidogo na pia kwa anayetaka kuanzisha chake na watu wake watatu wanne, na nitafuata njia ile ile ambayo tunda lenyewe linapita.

Nitakaa zaidi kwenye nanasi na rozela maana ndio malighafi ambazo mtu wa huku kanda ya ziwa anazimudu, zabibu nitaigusa baadaye kidogo.

Chumba na vyombo

Mwanza tumejaliwa miinuko, na kwa kazi hii mwinuko ni mali. Kama kiwanja chako kiko kwenye mteremko panga kazi ishuke: matunda yanaoshwa na kukamuliwa juu, majaba ya kuchachisha yanakaa katikati, kuchuja na kujaza chupa chini. Umeme ukikatika huhitaji pampu, mpira tu na waini inashuka yenyewe. Kama uko tambarare jenga jukwaa la matofali la kufika kiunoni, linatosha.

Ila angalia mawe. Jiwe kubwa lililo wazi linapigwa na jua mchana kutwa halafu usiku linarudisha lile joto, kwa hiyo ukuta wa chumba cha kuchachishia usiuegemeze kwenye jiwe la namna hiyo, weka upande wenye kivuli ambao upepo wa ziwani unaufikia. Bati bila dari pia ni tatizo, chumba kinakuwa oveni saa nane mchana.

Vyombo vya lazima ni hivi: majaba ya plastiki ya daraja la chakula yenye mfuniko wa kubana (usinunue lile lililobebea kemikali hata kama muuzaji anaapa kaliosha, plastiki inanyonya harufu na haitoki), masufuria ya stenlesi, mpira safi wa kuhamishia, haidromita (kijiti cha kioo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyobaki kwenye juisi) na mtungi wake mrefu, kipimajoto, karatasi au kifaa cha kupima pH, yaani ukali wa asidi, na mizani midogo ya kidijitali inayosoma gramu, ile ile wanayopimia dhahabu, kwa huku kwetu kuipata sio kazi. Sufuria za alumini ziache jikoni. Nanasi na rozela zina asidi, zinaila alumini na ladha ya bati inaingia kwenye waini.

Alafu daftari. Daftari gumu, sio karatasi za kuokota, na peni imefungwa kamba mezani. Kila bechi, yaani mkupuo mmoja wa waini, ina namba yake na kila kitu kinachoigusa hiyo bechi kinaandikwa pale pale na aliyefanya anaweka jina. Kwenye kiwanda cha watu wanne kila mtu anadhani mwenzake ndiye kaweka salfaiti (unga wa kuua vijidudu), matokeo yake inawekwa mara mbili au haiwekwi kabisa.

Kuosha, na hapa ndipo siku yako nyingi itaishia

Kama unaenda kuajiriwa nikwambie ukweli mapema, zaidi ya nusu ya muda wako utakuwa umeshika brashi na mpira wa maji. Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili tofauti na hazirukwi. Kwanza unatoa uchafu kwa maji ya moto na magadi ya kuoshea au sabuni isiyo na manukato, unasugua, unasuuza. Ukimaliza ndio unapitisha dawa: salfaiti (potasiamu metabaisalfaiti) gramu 10 kwa lita 1 ya maji na kijiko kidogo cha asidi ya sitriki, unazungusha kwenye chombo, unaacha dakika kumi, unamwaga. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, ndio maana mpangilio haugeuzwi.

Moshi wa ile salfaiti ni mkali. Mwenye pumu asiifanye hiyo kazi kabisa, na wengine wote wafanye madirisha yakiwa wazi.

Jiki watu wengi wanaipenda kwa sababu ipo kila duka, lakini klorini ikibaki hata kidogo ikikutana na tunda inatoa harufu ya dawa ya hospitali ambayo hakuna kitakachoiondoa. Hata maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo maji ya kuongeza kwenye waini yachemshe au yaache kwenye ndoo pana iliyofunikwa kitambaa kuanzia jioni mpaka asubuhi.

Kuna njia moja nzuri ya kujua kama magadi yametoka: loweka rozela kidogo kwenye glasi, dondoshea matone ya ule wekundu kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, na kwenye glasi ya pili dondoshea kwenye maji ya bomba matupu. Rozela inabadilika rangi ikikutana na magadi, inaelekea bluu au kijani. Glasi zote mbili zikifanana umesuuza vizuri, ya kwanza ikiwa bluu zaidi rudi kwenye bomba. Haigharimu kitu na kibarua wa siku ya kwanza anaweza kuifanya.

Siku ya kupokea na kumenya

Mananasi mengi ya hapa yanatoka upande wa Geita na Sengerema. Zamani gari likikuta foleni ya pantoni Busisi mzigo ulikuwa unakaa juani masaa, siku hizi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo unavuka muda wowote, kwa hiyo usikubali kisingizio cha tunda lililochemka. Nanasi linaloanza kuchacha lenyewe kwenye gari lina vijidudu vyake tayari na vitashindana na hamira yako.

Kagua mzigo dereva akiwepo. Chukua tunda kutoka chini kabisa ya mzigo, sio juu, bonyeza kitako, nusa. Harufu tamu sawa, harufu ya siki hapana. Kata moja katikati uangalie weusi kwenye moyo. Yaliyopondeka kidogo yanaweza kukatwa sehemu mbaya yakatumika siku hiyo hiyo, yaliyooza yanarudi na bei inapungua, na hayo maneno yasemwe kabla mzigo haujashushwa, maana ukishashushwa huna nguvu tena.

Hesabu: nanasi zima kilo 2 mpaka 2 na nusu linakupa juisi kama lita 1, kwa hiyo juisi lita 100 inataka kilo 200 hadi 250. Hiyo ni siku nzima ya kumenya kwa watu watatu au wanne.

Sasa hapa niwaombe wamiliki kitu. Nanasi lina kimeng'enya kinachokula protini, bromeleni, na ngozi ya binadamu ni protini. Muangalie dada anayemenya kuanzia asubuhi bila glavu, ikifika mchana ncha za vidole zimelainika, alama za vidole karibu zinafutika, jioni zinachubuka na ile juisi inaingia kwenye vidonda, kesho yake hawezi hata kukamua nguo. Halafu anaambiwa ni uzembe. Glavu za mpira nzito, akibadilisha kila zikitoboka, mapumziko ya kunawa maji safi, na zamu, mmoja amenye mwingine akate mwingine akamue kisha mbadilishane. Glavu ni gharama ya uzalishaji sawasawa na sukari.

Osha tunda kwa maji yanayotiririka kabla kisu hakijaligusa, kwa sababu kisu kinabeba udongo wa ganda na kuuingiza ndani. Maganda yatolewe nje ya chumba kila saa, wafugaji wa nguruwe wanayachukua wenyewe ukiwapigia. Yakilala ndani asubuhi utakuta vile vinzi vidogo vya matunda vimejaa, na vile ndio vinabeba bakteria wa siki miguuni.

Wadudu wengine ni wale wa ziwani, kipindi mwezi ukiwa mwandamo wanapanda kama moshi kutoka majini na usiku wanafuata taa. Usifungue jaba usiku taa ikiwa inawaka na dirisha halina nyavu. Nyavu ya mbu ya dirishani inasaidia ila wale wadogo sana wanapita, bora kazi ya majaba iishe kabla jua halijazama.

Kutengeneza juisi iwe tayari kwa hamira

Tuseme una lita 100 za juisi ya nanasi. Pima utamu kwanza, nanasi lililoiva vizuri linasoma kama Briksi (kipimo cha asilimia ya sukari) 12 hadi 14. Ukiiacha hivyo utapata kilevi cha asilimia 7 hivi na haitakaa muda mrefu. Waini ya asilimia 12 inataka uanze kwenye Briksi 21, ambayo kwenye haidromita ni karibu 1.088. Kama umeanzia 12 utahitaji sukari kilo 12 kwa hizo lita 100, na ujazo utaongezeka ufike kama lita 107. Iyeyushe kwenye sehemu ya juisi uliyoipasha moto kidogo, rudisha, koroga mpaka chini, ndio upime tena. Ukipima kabla haijachanganyika haidromita itakudanganya. Na haidromita nyingi zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20, juisi yetu ya mchana ina 27, 28, kwa hiyo ongeza 0.002 kwenye unachosoma.

Kisha salfaiti gramu 9 kwa lita 100, iyeyushwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Hii inazima vijidudu vya porini. Baada ya masaa kadhaa weka pektinezi kwa kipimo cha kwenye paketi, inavunja ule ute wa tunda unaofanya waini ibaki na ukungu. Funika kwa kitambaa safi, acha mpaka kesho yake muda ule ule.

Salfaiti ya unga inapoteza nguvu ikinyonya unyevu, na huku karibu na ziwa unyevu tunao. Ihifadhi kwenye chupa ya kubana, andika tarehe uliyoifungua, ikizidi mwaka nunua nyingine.

Kwa rozela: iliyokauka gramu 20 hadi 25 kwa kila lita, chambua mchanga na vijiti, suuza haraka kwa maji baridi, mimina maji ya moto yasiyotokota, loweka dakika 30, chuja. Rozela yenyewe haina sukari ya maana kwa hiyo karibu sukari yote unaweka wewe, na haina chakula cha kutosha cha hamira. Hapo ndipo watu wanakwama, wanaona imechacha siku tatu ikasimama wanadhani hamira ni feki.

Chakula cha hamira kinaitwa DAP. Naomba hapa usome taratibu: DAP ya duka la pembejeo ni mbolea, ina vitu vingine ndani visivyotakiwa kuliwa na binadamu. Unatafuta DAP ya daraja la chakula kwa wauza vifaa vya waini au kemikali za chakula, lebo iseme hivyo. Kama huipati acha, usijaribu ile ya shambani hata kwa kijiko. Kipimo ni gramu 20 hadi 30 kwa lita 100, nusu yake siku moja baada ya hamira na nusu nyingine sukari ikishapungua theluthi.

Hamira

Tumia hamira ya waini. Hamira ya mkate inachacha ndio, lakini mara nyingi inachoka mapema, inaacha harufu ya unga na haitulii chini. Gramu 20 hadi 25 kwa lita 100. Iamshe kwanza: maji safi ya nyuzi 35 hadi 40, mara kumi ya uzito wa hamira, inyunyize juu, usikoroge kwa fujo, subiri dakika 15 hadi 20 mpaka itoe povu. Kisha ongezea juisi kidogo kidogo ili isishtuke na baridi, ndio umimine kwenye jaba.

Paketi kubwa ni rahisi kwa bei ila ikishafunguliwa haikai. Viwanda vinavyopatana vinaagiza pamoja kutoka Dar paketi ya nusu kilo, wanagawana siku ile ile kwenye vifuko vya kubana na kila mtu anaweka kwenye friji. Huo ushirikiano ni wa maana sana kuliko watu wanavyoutilia maanani, kuazimana mashine ya kukoki (kuziba chupa kwa koki, yaani kizibo), kupeana namba ya fundi, kuonjana bechi kabla haijatoka. Hakuna mteja atakayeikimbia waini mbaya ya jirani yako akabaki anaiamini yako, akishaonja mbovu moja ya Mwanza anasema zote za Mwanza ni hivyo.

Siku za kuchacha

Siku 7 hadi 10 za kwanza jaba linahitaji mtu asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa hiyo ratiba ya zamu ipangwe kabla hamira haijaingia. Ukifika unafanya hivi: sikiliza na nusa kabla ya kufungua, pima joto, toa sampuli ndogo pima haidromita, andika, na kama kuna nyama za tunda zimeelea juu zisukume chini kwa mwiko safi wa stenlesi. Ile sampuli usiirudishe kwenye jaba.

Joto ndio adui mkubwa wa huku. Hamira inapofanya kazi inazalisha joto lake lenyewe juu ya lile la chumba. Ukitaka harufu ya nanasi ibaki kaa chini ya nyuzi 28, na ukikaribia 35 hamira inaanza kufa. Zungushia jaba gunia lililolowana, lilowanishe tena saa sita na saa tisa, fungua madirisha ya upande wa ziwa. Chupa za maji zilizogandishwa zinazofungwa vizuri na kuoshwa kwa dawa unaweza kuzizamisha ndani. Majaba ya lita 100 yanapoa kirahisi kuliko tenki moja la 500, na kwa anayeanza hilo peke yake linatosha kuchagua madogo.

Hewa: lita 100 za juisi ya utamu huu zinatoa zaidi ya lita elfu 5 za hewa ukaa mpaka zimalize. Majaba matano kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 yanaweza kukijaza chote ndani ya hiyo wiki moja, na hewa hiyo ni nzito, inakaa chini, haina rangi na kwenye chumba huioni. Kwa hiyo mlango na matundu ya chini yawe wazi kabla mtu hajaingia asubuhi, usiinamishe kichwa ndani ya jaba au tenki, na ukiona mwenzako kaanguka humo usimfuate ndani kwa kuruka, fungua kila kitu, ita watu, mvute kutoka nje. Kila mfanyakazi mpya aambiwe haya siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Siku za mwisho mwisho, haidromita ikikaribia 1.010, hamisha kwa mpira kwenye chombo kinachojaa mpaka shingoni, acha tope chini. Kuanzia hapo waini inaogopa hewa. Funga mfuniko wenye mrija unaoingia kwenye chupa ya maji, gesi inatoka hewa haiingii. Chombo kisichojaa ni mwaliko wa siki, bora ugawe kwenye madumu madogo ya kioo kuliko kuacha nusu jaba tupu.

Kusubiri na kusafisha

Hapa ndipo mwenye mtaji mdogo anajaribiwa. Waini imekuwa angavu kidogo, kuna harusi Jumamosi, mteja ana hela mkononi. Shikilia. Kipimo cha kumaliza kuchacha ni haidromita kusoma namba ile ile mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa kawaida 0.998 kushuka chini. Mapovu kukoma sio ushahidi, baridi ya usiku tu inaweza kuyakomesha.

Kilevi unakipata kwa kutoa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo na kuzidisha kwa 131. Ulianza 1.088 ukamaliza 0.996, tofauti 0.092, ni karibu asilimia 12. Andika, utaihitaji kwenye lebo.

Hamisha tena baada ya wiki tatu nne, ongeza salfaiti gramu 9 kwa lita 100, ijaze mpaka juu. Ikikataa kuwa angavu tumia bentonaiti (udongo wa unga wa kusafishia waini) gramu 50 hadi 100 kwa lita 100, iloweke kwenye maji ya moto siku moja kabla iwe uji, mimina ukikoroga, acha wiki moja hadi mbili, hamisha. Nanasi kwa jumla linataka miezi miwili mitatu kabla ya chupa na likipata zaidi linakuwa tamu zaidi mdomoni.

Wateja wengi wa huku wanataka waini yenye utamu. Ukiongeza sukari kwenye waini yenye hamira hai inaanza upya ndani ya chupa na chupa inapasuka, vioo vinaruka, sio suala la kumwagika tu. Kwa hiyo hakikisha imemaliza, imekuwa angavu, weka potasiamu sorbeiti gramu 20 kwa lita 100 pamoja na salfaiti, kisha sukari yako, kisha iache kwenye jaba siku 10 ukipima. Sorbeiti haiui hamira, inaizuia kuzaana, ndio maana kwenye waini yenye ukungu haisaidii.

Na kama bechi imeharibika imeharibika. Ikiwa siki safi iuze kama siki ukiwa na kibali chake, vinginevyo mwaga. Asije mtu akakushauri uichemshe utoe pombe kali, hiyo ni gongo, ni kosa la jinai na itaondoka na kiwanda chako chote.

Zabibu za Dodoma

Zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, kama Februari–Machi na Agosti–Septemba, na kutoka Dodoma mpaka hapa ni karibu kilomita 700. Ukitaka kuzitumia zipakiwe kwenye kreti zisizo na kina, sio magunia, zisafiri usiku, ziponde siku zinapofika. Kilo 1 inakupa kama lita 0.6 ya waini. Kwa kiwanda kidogo cha Mwanza mi naona faida ni ndogo, waachie wenye mashamba Hombolo na Makutupora, wewe jenga jina kwenye nanasi. Ila usiweke picha ya zabibu kwenye lebo ya waini ya nanasi, huo ni uongo kwa mteja.

Chupa

Chupa mpya ni ghali kwa hiyo wengi tunakusanya zilizotumika kwenye hoteli na baa. Kila moja inanuswa kabla ya kuoshwa. Kila moja. Chupa za waini mitaani zinabeba mafuta ya taa, dawa ya mende, mafuta ya kupaka, na mafuta ya taa hayatoki hata uloweke wiki nzima. Mpe kazi hiyo mtu mmoja mwenye pua nzuri asiyevuta sigara, akae nje kwenye upepo, mkono wa kulia chupa nzuri, wa kushoto za kutupa, na baada ya kila chupa ishirini hivi apumzishe pua. Angalia na mdomo dhidi ya mwanga, ukiona ufa au kipande kimemeguka tupa.

Nzuri zinalowekwa maji ya moto na magadi, lebo zinabanduka, brashi ndefu ndani, suuza, dawa, zinasimamishwa kichwa chini kwenye rafu safi. Jaza kwa mpira unaofika chini ya chupa ili waini isirushwe hewani, acha nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili chini ya koki. Ukishakoki isimamishe siku moja, ndio uilaze. Kutoka zile lita 107 ukishatoa tope na hasara utabaki na kama lita 95, yaani chupa 126 za mililita 750. Bei yako ikokotolewe kwa hizo 126, sio 142 za lita 107 nzima.

Vibali na wafanyakazi

Nipite haraka: kusajili jina BRELA, namba ya mlipa kodi TRA, leseni ya halmashauri, alama ya ubora TBS. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), wanatoa mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS. Waini ni bidhaa ya ushuru na tangu 2019 chupa inatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki. Lebo ionyeshe jina, ujazo, asilimia ya kilevi, viambato, namba ya bechi, tarehe, anwani na onyo la walio chini ya miaka 18.

Wafanyakazi wapimwe afya, na mkataba uwe wa maandishi hata kama ni mdogo wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki yasiyozidi 9 kwa siku, ovataimu inalipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka siku 28 za malipo. Kiwanda cha waini kina wiki za moto na wiki za kukaa, kwa hiyo mkubaliane mapema wakati wa msimu zamu ya Jumapili inalipwaje. Kibarua anayelipwa siku ile ile jioni bila kuzungushwa ndiye atakayerudi msimu ujao akiwa anajua kazi, na kumfundisha mwingine ni gharama kubwa kuliko hiyo elfu kadhaa unayomcheleweshea.

Kuonja kuwe na utaratibu: anayeonja anajulikana, kiasi kidogo kwenye glasi, anatema, anaandika. Nje ya hapo hakuna anayekunywa akiwa kazini, mwenye mali naye akiwemo, maana pale kuna vioo, maji sakafuni na hewa ukaa.

Baada ya chupa kutoka

Kila bechi bakiza chupa sita. Fungua moja baada ya mwezi, moja mwezi wa tatu, moja wa sita, angalia rangi, gesi, harufu, andika kwenye ukurasa ule ule wa bechi. Zilizobaki ni za siku ya malalamiko. Mama mwenye grosari Igoma akipiga simu kuwa chupa zinatoa povu, usibishane naye, "shikamoo mama, naomba unisomee namba iliyoko chini ya lebo", kisha fungua chupa yako ya bechi hiyo hiyo. Yako ikiwa nzima, muulize alikuwa ameziweka wapi, mara nyingi ni dirishani kwenye jua, mbadilishie na umwonyeshe pa kuziweka. Yako nayo ikitoa povu, chukua daftari la mauzo upigie kila duka lililopata bechi hiyo siku hiyo hiyo, zirudishwe zote, zibebwe zikiwa zimesimama kwenye kreti zilizofunikwa gunia, na anayezipokea avae glavu na miwani.